Profesa na Jini la Kisimani

Siku hiyo mjinga nilikuwa mie. Pantoni la Kigamboni lilisimama kupisha meli itoke bandarini, watu wakawa wanasonya, na pembeni yangu vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wanabishana kuhusu Profesa atakayeuawa na jini la kisimani Jumamosi. Nikadhani ni mtu wa kweli. Kumbe ni mhusika anayechezwa na yule wa kiume, Revelian, katika mchezo wa mezani, wa kusimulia na kurusha dadu, ambao yule dada, Najat, ndiye anayeuongoza na kuutungia sheria.

"Profesa wangu kasoma maisha yake yote," alisema Revelian, mguu hautulii. "Akitafuta siri ya jini maktaba, dadu ikimkataa, ikatoa namba mbovu, basi achelewe tu. Jibu alipate."

"Halafu hatari iko wapi?" Najat akamjibu. "Dadu ikimkataa nampa jibu la uongo, naye analiamini."

"Msomi anajua asichokijua. Ukiipitisha sheria hiyo, mie kwenu siji tena."

Nikashindwa kunyamaza. "Wadogo zangu, jini la kisimani halina shida. Mwageni chumvi ya mawe, linahama siku hiyo hiyo."

Revelian akachangamka. "Umesikia? Mwenye kujua anajua, harushi dadu."

Najat akanigeukia kwa adabu zote. "Samahani, kaka. Umewahi kulihamisha jini?"

"Mie? Hata kuliona sijaliona."

Pantoni likagusa ng'ambo, lango likashushwa, watu wakaanza kusukumana.

"Basi, Revelian," alisema Najat akishuka, "huyo ndiye Profesa wako dadu ikimkataa."