Mzee Makaa na Meli Aliyoipima kwa Hatua Zake

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Makaa, aliibiwa meli na mtoto wake wa kwanza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo alilokufa nalo kifuani. Wasifu mwingine ulikuwa umeshaandikwa na kaka yangu mkubwa, nao ulisema kwamba marehemu "alipenda kuketi na kumtazama mwanawe akiunda meli ya mfano." Mdogo wetu wa mwisho, anayefanya kazi kwenye duka la uchapaji, aliusoma ulipofika mezani kwake akanipigia simu. Akauliza, "Dada, hii kweli niichape?" Nikamwambia asubiri. Mimi niliishia darasa la pili, mama alipougua mgongo na nyumba ikakosa wa kupika. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa misumari, baba akinielekeza huku gundi inakauka. Kama kuna neno limepinda humu, mnisamehe. Mambo yenyewe hayajapinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1944, mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba kimoja nyuma ya bohari la chumvi. Baba yake alikuwa mchukuzi wa magunia, mama yake alifua nguo za watu. Alisoma mpaka darasa la nne, akaacha mwaka 1956. Mwalimu wake alimlalamikia bibi kwamba mtoto huyu anahesabu kila kitu, hata mara ambazo mwalimu amekohoa.

Februari 1962 aliajiriwa kwenye meli ya mvuke kama mtia makaa. Mabaharia waliiita meli ile Shangazi, kwa sababu ilifika bila taarifa na ikifika kila mtu alisikia. Chini kwenye tanuri taa zilikuwa zikizimika mara kwa mara, na kote kulikuwa na chuma cha moto. Kwa hiyo kila mtia makaa mpya alifundishwa kuhesabu hatua: kutoka ngazi mpaka tanuri la kwanza, kutoka tanuri mpaka ghala la makaa, ili hata gizani asiguse pasipogusika. Baba alizihesabu hatua hizo miaka tisa. Mwaka 1971, mwezi wa Agosti, bomba lilipasuka na mvuke ukamuunguza mguu wa kushoto kuanzia goti. Aliporudi kazini alikuwa anachechemea. Wakamhamishia nyuma, chumba cha mashine, akawa mtia mafuta. Huko nako alihesabu hatua, sasa kwa mguu ule mbovu, mpaka meli ilipostaafishwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Ramani zake hakuna aliyejua zilikokwenda.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, tarehe 10 Desemba 1966. Alipokwenda kujieleza ukweni alimwambia kwamba kutoka ngazi ya meli mpaka mlangoni kwake ni hatua mia tatu na kumi na mbili. Mama alikuwa akisema, "Nilimkubali kwa hilo. Mwanamume anayehesabu, akichelewa hana pa kujificha." Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama alitangulia mwaka 2009.

Meli ndogo marehemu aliianza Januari 2004, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba tunayoishi. Ramani hakuwa nayo. Alikuwa na hatua zake. Aliamua kwamba kila hatua aliyoitembea ndani ya Shangazi iwe nusu ya njiti ya kiberiti, na kwa kipimo hicho akaijenga yote, kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi ya nyuma, njiti arobaini na tano, ndefu kuliko mtu mzima aliyelala. Mbao za sitaha zilitoka kwenye masanduku ya sabuni. Dohani ya kutolea moshi ilikuwa kopo la dawa ya mbu. Madirisha ya duara, mia moja arobaini na sita, yalikuwa vile vipete vya bati vya matundu ya kamba za viatu. Fundi viatu wa kona alituwekea kwenye kikombe, akiniona tu anasema, "Mama Meli, wateja wangu wataanza kutembea bila kamba kwa ajili yako."

Mwaka 2010 macho ya marehemu yaliingiwa na mtoto wa jicho. Tangu hapo yeye alisema, mimi nikatenda. Kila pini ya ukingo wa sitaha niliikata mimi. Kaka anawaambia watu kwamba nilikuwa nafagia vumbi la mbao. Ni kweli, nilifagia pia.

Siku moja mwaka 2012 nililinganisha kazi yetu na picha ya zamani ya Shangazi iliyokuwa kwenye kalenda. Nikapima kwa uzi mara mbili, nikaona haya kusema.

"Baba," nikasema, "Shangazi amenenepa nyuma."

"Kwa kiasi gani?"

"Njiti tatu za urefu."

Midomo yake ikahesabu. Kisha akajipiga goti la kushoto. "Si Shangazi. Ni huyu hapa. Mbele niliihesabu kwa miguu miwili, nyuma nimeihesabu kwa mmoja na nusu. Hatua zilikuwa fupi, kwa hiyo zikawa nyingi."

"Tukate basi?"

"Ukate mguu wa baba yako?" Alicheka mpaka akakohoa. "Iache, mama. Aliyepiga picha ile alisimama nchi kavu. Mimi nimeitembea."

Tulimaliza mwezi wa Oktoba 2015.

Juni 2021 kaka yangu mkubwa, aliyesomeshwa mpaka chuo na anayefanya kazi ofisi ya bandari, alikuja na wabebaji wanne. Akasema meli inakwenda kupigwa picha, itarudi Ijumaa. Marehemu mwenyewe alishika mlango ili isigonge. Ijumaa ile haijafika mpaka leo. Meli iliwekwa kwenye ukumbi wa ofisi ya bandari, ndani ya kioo, na mbele yake kibao cha shaba kinachosema ni kazi ya mikono ya kaka. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Nahodha, na yeye anaitika.

Marehemu aliposikia, aliomba nimpeleke. Wakati huo alikuwa ameshatolewa mtoto wa jicho, anasoma vizuri. Aliinama kwenye kioo, mlinzi akamwambia, "Mzee, usiguse." Baba akarudisha mkono mfukoni. Alikisoma kibao, akakirudia. Tukatoka. Tulipofika nje kwenye ngazi ndipo akasema, "Siku moja muulize kaka yako kama mguu unamuuma." Hakumshtaki kwa mtu yeyote. Alisema mzazi hasimami barabarani kumnadi mwanawe. Mimi si mzazi wake.

Kifua kilichokula makaa tangu ujana kilianza kudai mwaka jana. Marehemu alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Mei 2024. Tarehe 8, kaka alikuja wodini, amesimama, funguo za gari mkononi. Nilikuwa naosha vikombe. Nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Baba, ile meli ina kosa," akasema. "Tezi imezidi urefu. Nimepata seremala mzuri, ataikata nyuma aiunge upya."

"Nani kasema ni kosa?"

"Mhandisi mmoja aliyekuja na wageni."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ramani ilichorwa hivyo."

"Ramani ipi?"

Baba aliutoa mguu wa kushoto nje ya shuka, na kovu lake lote, akauacha pale kitandani. Kaka akaufunika. Akasema, "Pumzika, baba, usijisumbue na mambo madogo," akaondoka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na huyu hakuwahi hata kuwa kata.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini. Msiseme hakujua lolote mwishoni. Alijua. Jana yake aliniuliza kama seremala amekuja, nikamwambia bado.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Ameacha pia meli.

Wapo ndugu walionisihi nisiyasome haya mbele ya kaburi. Wamesema yaliyopita si ndwele. Hayajapita. Yako ukumbini, na seremala ameambiwa aje Jumatatu tarehe 20, saa mbili asubuhi, na msumeno wake. Wamesema pia nimuonee kaka huruma, ana cheo. Baba alikuwa na kipimo cha kiberiti na mguu mmoja na nusu, na hakuna aliyemuonea huruma.

Mimi sidai kuandikwa popote. Pini zangu zinajijua. Lakini kaka yangu mkubwa, aliyeketi hapo mbele kwa suti nyeusi, anadaiwa vitu viwili, navyo havihitaji ruhusa ya mtu wala kikao cha ukoo. Amzuie seremala asije. Na kibao kile akibandue kwa mkono wake, aweke kingine chenye jina la aliyeitembea meli ile. Zile njiti tatu za nyuma ndizo saini ya baba, na hakuandika nyingine. Jumatatu nitakuwa mlangoni kabla ya msumeno, na anayependa aje tusimame wote.

Baba, umefika, huna haja ya kuhesabu tena. Pumzika. Amani yako anayo kaka. Akurudishie.