Wenseslaus Fabian Mallya na Ukuta wa Shemeji Mektrida

Baba Paroko, ndugu na majirani wa Kibosho, na ninyi wapagazi na waongoza wageni mliokuja moja kwa moja kutoka geti la Mweka matope yakiwa bado viatuni, familia inawaomba mtulie msikilize maisha ya baba yetu, Wenseslaus Fabian Mallya, mtu aliyependa sana kusimulia, na ambaye leo kwa mara ya kwanza anasimuliwa yeye bila kuweza kuongeza chumvi.

Marehemu alizaliwa hapa Kibosho tarehe 3 Juni 1956, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Fabian na Mama Hilaria, akabatizwa katika parokia yetu mwezi uliofuata, akaanza darasa la kwanza mwaka 1964 na kumaliza la saba mwaka 1970, na walimu wake waliandika kwamba ni hodari wa kusoma ramani na mvivu wa hesabu, tabia ambazo hakuziacha.

Baada ya miaka michache ya kuchuma kahawa ya baba yake, Julai 1977 alipanda mlima kama mpagazi kwa njia ya Umbwe, mzigo kichwani na raba zilizotoboka miguuni, na mwaka 1986 akapata leseni ya kuongoza wageni, kazi iliyompitisha kambi za Shira, Baranko na Barafu mara nyingi kuliko alivyokwenda Moshi mjini. Alimwoa mama yetu, Stella, tarehe 5 Januari 1985, wakajaliwa watoto wanne, Ronald, Loveness, Theodora na Lucky, na kwa miaka mingi aliwaambia wageni wanaohema karibu na kilele kwamba Stella Point imepewa jina la mke wake, nao waliamini, na mama alipoambiwa alicheka tu.

Kabla ya kupanda, marehemu aliwazoesha wageni hali ya hewa kwa kuwatembeza kwenye magofu ya huku kwetu, yaani mahandaki ya mababu na mabaki ya kuta za vita vya zamani ng'ambo ya mto, na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo baadhi yetu katika familia tulitaka kuliruka, lakini yeye mwenyewe aliagiza lisomwe. Aprili 1996 mto ulijaa, wageni hawakuweza kuvuka, naye kwa kuona aibu kuwarudisha bure akawasimamisha kwenye ukuta wa mawe ulio katika kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, cha shemeji yake, Mektrida, mjane wa binamu yake, akawaambia kwamba ukuta ule ulijengwa na askari wa Mangi wa kale, yaani mtawala wa enzi za mababu, na kwamba shimo lililo nyuma yake ndimo wake wa Mangi walimojificha wakati wa vita. Ukweli ni kwamba ukuta ule ulijengwa mwaka 1961 na Mzee Aloisi, baba mkwe wa Mektrida, ili udongo usiteremke mtoni, na marehemu akiwa na miaka mitano alisaidia kubeba mawe madogo, na lile shimo ni choo kilichoachwa kuchimbwa baada ya kukuta mwamba.

Wageni walifurahi, wakapiga picha, wakaenda kuandika, na waongoza wageni wengine wakalishika simulizi hilo na kulinogesha, hata likaota mizizi. Mwaka 2012 walikuja watu wenye kamba za kupimia, wakasema eneo lile ni la kihistoria na lazima litwaliwe, wakachora alama nyekundu ya X kwenye nyumba ya Mektrida, ambaye mumewe na watoto wake wawili wamezikwa katika migomba ile ile, na mama wa watu akabaki amekaa mlangoni siku nzima bila hata kuwasha moto.

Marehemu alikuwa mlimani, akaipata habari hiyo getini aliposhuka, na hakupita nyumbani. Alikata isale, jani lile ambalo kwetu mtu akikuletea limefungwa fundo huwezi kumfukuza hata awe amekukosea vipi, akampelekea shemeji yake, naye Mektrida alilipokea kama mila inavyotaka, lakini akamwambia kwamba isale ni la kwao wawili, wale wenye kamba hawalijui, kwa hiyo aende akawaambie kwa mdomo ule ule uliowaleta.

Jumamosi tarehe 19 Mei 2012, katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wapatao mia mbili na wale wenye kamba, marehemu alisimama akaeleza yote, askari, wake wa Mangi na choo, watu wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi, kisha wakanyamaza walipoona yeye analia kweli. Alama ya X ilifutwa, kampuni iliyomwajiri ikamweka pembeni kwa miaka miwili, na miaka hiyo aliitumia kuzunguka kwa wazee akiuliza habari za magofu ya kweli, na aliporudi kazini aliwafundisha vijana kwamba neno la kwanza la mwongoza wageni ni "sijui".

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hospitali ya KCMC, na katika ugonjwa wake kilichomuuma zaidi ni kwamba Mektrida, tangu apokee lile jani, hakuwahi kumtamkia msamaha kwa mdomo wake. Alimletea mtori wa ndizi kila Jumapili, akakaa, akazungumzia mbuzi na mvua, akaondoka, na kila alipoondoka marehemu alimuuliza mama kama shemeji amesema lolote. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochinja, mliopika na mliolala nasi kwenye majani ya migomba, na wenzake wa mlimani mliobeba jeneza kwa mwendo wa pole pole aliowafundisha. Shukrani za mwisho ni kwa Mama Mektrida, mwenye miaka themanini na minne, ambaye jana asubuhi aliwaamuru wajukuu wake wabomoe hatua tatu za ukuta wake, na mawe hayo ndiyo mnayoyaona yamezungushwa kwenye kaburi hili, naye ametutuma tutangaze kwamba yalipangwa na Mzee Aloisi mwaka 1961, asije mtu baada ya miaka hamsini akawaambia wageni kwamba hapa amelala Mangi. Hapa amelala Wenseslaus, aliyesema uongo kwa miaka kumi na sita na akausahihisha kwa siku moja, na shemeji yako, baba, anasema amekusamehe. Pumzika kwa amani.