Machozi Yanayotambulika

Ndani ya Noah ya abiria ya kutoka Isongole, mama mmoja mwenye sare ya kwaya alimtambua mjane aliyekaa jirani yake. “Pole tena, dada. Ila siku ya mazishi wanawake wote tulijigaragaza chini, wewe mwenye mume ukakaa kimya kama mgeni.”

“Nililia chumbani, mama.”

“Chumbani nani alikuona?”

Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nikajiuliza kama marehemu naye alikata roho mbele ya mashahidi wa kutosha.

“Kila mtu analia kivyake,” mjane akasema.

“Kivyake? Msiba ni wa watu, dada!”

Gari likasimama kwenye mashine ya kusaga. “Hapa ndipo mume wangu alipokuwa akinisubiri,” mjane akasema, akaangua kilio.

Mama akatazama huku na huku. “Nyamaza, dada! Watu wanakuona!”