Ushuru wa Getini

“Atarudi Dar kabla mahindi hayajabeba.” Ndivyo mlivyosema juu yangu nilipotoka mjini, ndugu zangu, na msiiname, nyuso nazijua. Shemeji yangu pale alisema hata mbuzi watanicheka. Haya, niangalieni vizuri. Stashahada ya mifugo ninayo, duka la dawa za mifugo nimelisimamisha mwenyewe.

Lakini nilianguka. Nilikopa kwenu, nikapanga dawa mnadani, upande wa Handeni. Wafugaji wakajaa. Mwaka uliofuata ng’ombe wakapungua hadi mnada ukabaki na wauza nyanya. Dawa zikaanza kuisha muda mezani.

Kila mtu alikuwa na jibu. “Ushuru!” “Ukame!” “Viongozi hawa!” Mimi majibu ya kijiweni hayanitoshi. Nikapanda pikipiki, nikawafuata ng’ombe kwenye mnada walikohamia. Jamani, kule ushuru ulikuwa mkubwa kuliko wetu, na mifugo imefurika! Inakuwaje?

Nikasimama getini asubuhi nzima. Hakuna aliyelipa kuingia. Walilipa waliouza tu. Kwetu ulilipa ukifika. Usipouza, unarudi na ng’ombe wako, na mnada ujao unalipa tena.

Nikamwendea diwani. “Daktari wa mbuzi, rudi kwenye sindano zako,” akanijibu. Uchaguzi ukaja, akaingia mwingine. Huyu akasema, “Hebu nieleze tena, taratibu.” Akaipeleka hoja kwenye baraza la madiwani, malipo yakaondolewa getini, akabaki kulipa anayeuza tu. Mifugo ikarudi. Kweli, mvua nayo ilinyesha mwaka ule, na mpaka leo najiuliza kipi kilivuta zaidi. Ila wafugaji niliowauliza, wengi walitaja geti kwanza.

Kwa hiyo anayetoza asiangalie kiasi tu, aangalie na wakati anaochukua. Hilo nimeligundua mimi, sifichi.

Siku ya kumaliza madeni nilizunguka Masuguru hadi Kilole, mlango kwa mlango. Shemeji akahesabu noti zake, akarudia.

“Mbuzi hawajakucheka?”

“Mbuzi ndio wateja wangu, shemeji.”

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami njiani nikakumbuka ile miezi dawa zilipolala. Hakuna hata mmoja wenu aliyenigongea mlango. Mlisema, “Utalipa ukiuza.” Asanteni sana. Nilichokifuata kwa pikipiki hadi mnada wa mbali, nyinyi mlikuwa mmeshanifanyia hapa hapa.