Zambarau ya Marehemu

Kijiwe kilikuwa nje ya duka la matairi: benchi refu lenye tofali badala ya mguu mmoja, na Mama Birika pembeni akichuja kahawa kwa karatasi zake nyeupe. Asubuhi hiyo Bwana Keki hakugusa kikombe. Alishika kichupa cha rangi ya keki, zambarau, matone tu yamebaki. Marehemu mkewe ndiye aliyeichanganya, na hakumwambia mtu aliichanganyaje. Jumamosi binti yao anaolewa, ameomba keki ya zambarau ile ile ya mama. Baba mtu akaitikia, "Hiyo kazi ndogo." Uongo mtupu.

— Nimechanganya nyekundu na buluu mpaka nimechoka, aliwaambia wenzake. Inatoka nyingine kabisa, mtoto ataijua tu.

— Tuitenganishe, tuone ndani yake mna rangi gani, alisema Profesa, fundi redio. Unadondosha rangi kwenye karatasi ya kahawa, unachovya ncha majini. Maji yanapanda na rangi, kila moja inashuka kituo chake.

Mama Birika akakata vipande vya karatasi. Wakajaribu. Zambarau yote ikapanda hadi juu, imeng'ang'aniana.

— Maji hayana ubaguzi, yamebeba wote! alisema Profesa. Leteni spiriti ya vidonda. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia kwa mlango wa nyuma.

Kwenye spiriti, tone halikutikisika.

— Limegoma! Kocha, mwenye matairi, akasimama. Tieni maji ya betri. Yanawasha lori zima, yatashindwa na karangi haka?

— Lo! Utatuunguza vidole! alisema Mama Birika.

— Mchumia juani hulia kivulini, alidakia Profesa. Basi karatasi tuianike juani kwanza, halafu petroli...

Bwana Keki akakifunika kichupa kwa viganja vyote viwili.

— Jamani, limebaki tone moja. Nyinyi mnaona rangi. Mimi namwona yeye, mkono wake wa mwisho huu.

Kocha akakaa chini polepole.

— Shemeji, alisema Mama Birika, tia chembe ya chumvi kwenye maji.

— Nani kakwambia?

— Hakuna. Nina maji, nina chumvi, na maji ya betri siyataki karibu na birika langu.

Tone la mwisho likadondoshwa. Wakainama wote, vichwa vikigongana. Maji ya chumvi yakapanda taratibu. Buluu ikatangulia. Nyekundu ikajikokota nyuma. Na katikati, kamstari kembamba ka njano.

— Weee!

Ndipo binti akatokea na kikapu chake cha sokoni.

— Shikamooni. Baba, mnafanya nini?

Bwana Keki akamwambia yote, uongo wake na kichupa kitupu. Binti akaitazama karatasi.

— Njano? Njano ya nini kwenye zambarau?

Mama Birika akainamisha birika amimine, halikutoa kitu.

— Sijui, mwanangu. Miaka yote ile nilikula keki zake, sikumuuliza hata mara moja.

Binti akaipuliza karatasi ikauke, akaiweka kwenye kikapu juu ya mayai, kisha akamfuta babake shavu kwa kiganja.

— Basi tutaitia hivyo hivyo, bila kujua. Inuka, baba, tukachanganye.