Faharasa, Mtunzi wa Mwongozo wa Paka Mwitu

Mpendwa wetu, ambaye ofisini walimwita Faharasa na nyumbani tulimwita Kaka, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi saa na mshona nguo. Walikuwa wawili tu: yeye, na mdogo wake wa kike anayesoma wasifu huu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Akiwa darasa la tatu alisimama mbele ya ubao wa matangazo akitikisa kichwa. Mwalimu mkuu akamuuliza, "Wewe, una shida gani?"

"Mimi sina, mwalimu. Tangazo ndilo lina shida. Limeandikwa 'Tusile walimu wakiwa darasani.' Kwa hiyo wakitoka tuwale?"

Alipewa chaki atie mkato mwenyewe. Alimaliza sekondari mwaka 1979, na chuo cha uchapishaji mwaka 1983.

Januari 1984 aliajiriwa kuwa msahihishaji wa prufu, zile nakala za majaribio kabla ya kuchapa, katika shirika la uchapishaji, ghorofa ya pili. Meza yake aliigeuzia ukuta. Alisema dirisha humfanya mtu aruke mistari. Hapo hapo alimpata mpanga herufi, wakafunga ndoa tarehe 15 Septemba 1990, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Mwaka 1996 mdogo wake alitoa kitabu cha kwanza cha hadithi za watoto kuhusu koo mbili za paka mwitu, mondo na simbamangu, wanaogombea bonde moja. Vikafuata vingine. Watoto wakaanza kuandika barua: nani ni mama wa nani? Mbona aliyekufa kitabu cha tatu anakunywa maji kitabu cha tano? Mwandishi hakuwa na majibu. Kaka alikuwa nayo. Kwa miaka minne, kila jioni akitoka kazini, alijaza kadi, kila paka na yake: rangi ya macho, mama, cheo, jeraha, kifo. Paka mia mbili na kumi na wawili. Alichora ramani ya bonde. Alimwandikia hata askari wa wanyamapori kumuuliza kama simbamangu mwenye mimba hupanda mti.

Mwongozo uliotokana na kadi hizo ulitoka Juni 2007. Jaladani palikuwa na jina la mdogo wake peke yake.

"Wifi," mjane aliniambia juzi, "andika yote, au mpe mtu mwingine asome." Basi nasema. Shirika liliniuliza, nikajibu kwamba jina langu linatosha, ndilo watoto wanalolijua. Kaka alikuja kwangu na nakala mkononi.

"Ulijua?"

"Nilijua, Kaka. Toleo la pili tutarekebisha."

"Ukurasa wa arobaini na moja wameweka mondo mahali pa simbamangu," akasema, akaondoka bila kukaa.

Yametoka matoleo manne. Kilichorekebishwa ni ukurasa wa arobaini na moja tu. Hakukanyaga tena kwangu. Tulipomzika mama, mwaka 2013, alinipa mkono kama jirani. Hata hivyo, kila kitabu changu kipya kilipotoka, nililetewa bahasha: makosa yote, ukurasa kwa ukurasa, bila salamu.

Novemba 2022 kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia pamoja na maneno. Hata majina ya wanawe yalimpotea. Nilikwenda hospitali kila Jumanne na Ijumaa. Wifi alinipisha kiti. Nilimsomea Kaka kadi zake. Nilimwomba msamaha mara tatu, ya mwisho nikiwa nimepiga magoti. Alinitazama sana, midomo ikahangaika, kisha akafumba macho. Watu wananifariji kuwa alikwisha kunisamehe. Hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na sijui.

Alifariki dunia tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Nimeliandikia shirika kwamba toleo la tano la Mwongozo litoke na jina lake peke yake. Binti yake nilipomwambia, alinijibu kwa upole, "Shangazi, baba angependa kuliona."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake. Mungu amlaze mahali patulivu.