Zamu ya Ngazi

Ndani ya tramu ya Stuttgart, Heidrun alitazama dirishani, masikio yakiwa kwenye kiti cha mbele. Kijana alikuwa akimhubiria mama asiyemjua, huku akipigapiga kitabu cha mwanafalsafa wake.

"Mtu ajishinde mwenyewe, mama. Ajitungie maadili, asitawaliwe na macho ya majirani."

"Na mwanamke je?"

"Kitabu kinasema... kazi yake ni kumzaa huyo atakayejishinda."

"Makubwa! Haya, leo Jumamosi, siku ya kila jengo kufagiwa ngazi. Kibao cha zamu wiki hii kimetundikwa mlango wa nani kwenu?"

"Wetu."

"Na anayefagia?"

Kijana akajikuna shingo. "Mama yangu."

Tramu ikasimama, kijana akachomoka. Heidrun naye alipaswa kushuka hapo. Katika jengo lake pia kibao kilikuwa kimening'inia, mlangoni kwake, majirani wakichungulia kama ngazi zimefagiwa. Akabaki ameketi.